Shajara ya kitabu cha picha: mchoraji alipougua kazi ikiwa njiani

4 Februari. Kazi ilipofikia

Kitabu ni cha watoto wanaoanza kusoma. Msichana anamtafuta mbuzi wake aliyepotea, giza linamkuta njiani, mvua inamnyeshea, na alfajiri wanakutana. Kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mashine ikikunjwa hutoa kurasa 16, na mikunjo miwili inatosha hadithi fupi bila kuacha kurasa tupu. Hadithi yenyewe inachukua jozi 14 za kurasa zinazotazamana. Maneno yalishahaririwa.

Michoro anaifanya mchoraji wa kujitegemea, kwa rangi za maji juu ya karatasi. Mpaka sasa amemaliza jozi ya 1 hadi ya 5, ya 7, ya 8, na ya 14, ambayo aliichora mapema kwa kuwa alitaka kujua hadithi inaishia kwenye mwanga wa namna gani. Ya 6, ya 9 na ya 10 ziko kwenye penseli. Ya 11, ya 12 na ya 13 hazijaguswa. Theluthi mbili za malipo yake zimelipwa.

Tangu katikati ya mwezi uliopita hajibu ujumbe. Huyu ni mtu aliyekuwa akijibu siku hiyohiyo, hata kama jibu lenyewe ni neno moja.

9 Februari. Kumtafuta

Mwenzetu mmoja alishaandaa barua ya kumkumbusha tarehe za mkataba. Tukaiweka kando. Mtu mwaminifu akinyamaza ghafla, mara nyingi kuna jambo limempata, na barua ya vitisho humkuta akiwa kitandani au msibani. Tuliandika hivi tu, kwa simu na kwa barua pepe: “Kimya chako kimetutia wasiwasi. U mzima? Mambo ya kazi tutaongea ukipata nafasi.” Kisha tukamwomba mtu aliyetukutanisha naye atusaidie kufikisha salamu.

Jibu lililetwa na kaka yake. Dada yake amelazwa. Atapona, lakini kwa miezi kadhaa hataweza kushika brashi, na daktari hakutaja mwezi. Ugonjwa wenyewe ni siri yake na hautaandikwa hapa.

Swali la kwanza lilikuwa kusubiri au kuendelea. Moyo ulitaka kusubiri. Ila fedha za uchapaji tulipewa kwa sharti la kutumika kabla ya katikati ya mwaka, na mpiga chapa alikuwa ametutengea zamu Aprili. Tulimpigia mpiga chapa siku hiyohiyo, kabla hatujajua tutafanya nini. Akatusogeza hadi mwisho wa Mei bila malipo ya ziada, kwa sababu karatasi zetu zilikuwa bado hazijanunuliwa. Angeambiwa mwezi mmoja baadaye, hesabu ingekuwa nyingine. Anayefuata njia hii na awatangulie watu wanaomsubiri: mpiga chapa, mfadhili, msambazaji. Habari mbaya ya mapema huwapa nafasi ya kujipanga.

13 Februari. Tulicho nacho mkononi

Tulidhani tunazo jozi nane zilizokamilika. Tulipofungua faili moja moja tukakuta tunazo tatu.

Jozi ya 1, ya 2 na ya 3 zilikuwa zimeskaniwa vizuri na kuwekwa kwenye folda ya pamoja. Nyingine tano tulikuwa tumeziona na kuzikubali kwa picha za simu zilizotumwa kwenye programu ya ujumbe, na programu hizo hubana picha ili zisafiri upesi. Picha ya jozi ya 5 ina pikseli 1,600 kwa upana. Kurasa mbili za kitabu chetu zikifunguliwa zina upana wa milimita 420. Kwa uchapaji mzuri tunahitaji nukta 300 kwa inchi, yaani karibu pikseli 4,960, na hapo hujahesabu milimita 3 za ukingo zinazokatwa kila upande. Ile ya pikseli 1,600 ingetoka na nukta 97 hivi kwa inchi. Kwenye skrini ya simu inapendeza. Kwenye karatasi manyoya ya mbuzi yangegeuka ukungu.

Tulijaribu programu mbili za kukuza picha. Zote zilinoa kingo za vitu na kubuni nyuzi za manyoya ambazo hazikuwapo, na ule mchirizi laini wa rangi ya maji ukawa kama plastiki. Tumeachana nazo.

Kwa hiyo kitabu halisi kilikuwa kwenye karatasi, nyumbani kwa mgonjwa. Hakuna namna ila kumwendea yeye.

20 Februari. Deni kwanza, ombi baadaye

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, na nadhani ndipo miradi mingi ya aina hii huvunjikia.

Mkataba wetu ulikuwa ukurasa mmoja. Ulitaja idadi ya michoro, tarehe na awamu za malipo. Haukusema lolote kuhusu kazi iliyoishia katikati, wala nani anamiliki haki za michoro. Wengi huamini kwamba ukishalipa, mchoro ni wako. Sivyo. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi sana zimeuridhia, hakimiliki inazaliwa na kazi yenyewe bila kusajiliwa popote. Uingereza, kwa sheria ya 1988, mchoro wa kuagizwa kwa mtu wa kujitegemea unabaki wa mchoraji mpaka auhamishe kwa maandishi. Marekani, sheria ya 1976 inaruhusu kazi ya kuagizwa kuhesabiwa ya mwagizaji kwa makundi machache tu ya kazi, tena kwa karatasi iliyosainiwa na pande zote mbili. Aliyelipa bila maandishi ya namna hiyo anaweza kuwa na ruhusa ya kutumia, lakini ruhusa ya kumpa mtu mwingine aendeleze mchoro ni jambo jingine. Pia kuna haki za kimaadili, zilizoongezwa kwenye Berne mwaka 1928 katika kifungu cha 6bis: mwenye kazi ana haki ya kutajwa jina, na ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Kumpa mgeni jozi ya 9 aipake rangi juu ya penseli ya mwenzake bila idhini kungeigusa haki hiyo moja kwa moja.

Kabla ya kuomba kitu chochote tukapiga hesabu ya tunachodaiwa. Kugawa kwa idadi ya jozi peke yake kungemdhulumu: nane kati ya 14 ni asilimia 57, ilhali alishalipwa 67, na mtu angeweza hata kudai arudishe. Lakini kubuni sura ya msichana, kuchora vijipicha vya kitabu kizima na kupanga mtiririko ni kazi iliyofanyika yote mwanzoni. Tuliithamini kuwa theluthi ya kazi, na upakaji rangi theluthi mbili. Theluthi ya mipango imekamilika, na nane kwa 14 ya upakaji imekamilika. Jumla inafika asilimia 71. Tulikuwa tunadaiwa zaidi ya asilimia 4, tukaifanya 5 na kuituma siku hiyo, pamoja na karatasi ya hesabu yenyewe ili aone tulivyofikia.

Ombi lilikuja baada ya fedha kupokelewa, likiwa na mambo matatu. Kwanza, tuazimwe michoro ya asili na daftari la kazi ili tuskani, kisha tuvirudishe. Pili, aturuhusu kwa maandishi kutumia jozi nane ndani ya kitabu hiki. Tatu, achague mwenyewe kuhusu zile zilizobaki: mchoraji mwingine azikamilishe juu ya penseli zake, au azichore upya kwa mkono wake.

Kaka yake alimsomea. Majibu yalikuja kwa sauti iliyorekodiwa, kwa utulivu na bila kuficha kitu: michoro chukueni, daftari chukueni, ila penseli zangu asizipake mtu rangi, huyo mwingine achore za kwake. Alisaini siku chache baadaye. Nashukuru tulimuuliza, kwa kuwa jibu lake ndilo lililookoa kitabu, kama itakavyoonekana chini.

2 Machi. Daftari

Bahasha ilifika salama. Tuliskani kila mchoro kwa nukta 600 kwa inchi, mara mbili ya tunachohitaji. Faili ni nzito, lakini inakuruhusu kukuza sehemu ya mchoro hadi mara mbili bila kupungukiwa, na uwezo huo tulikuja kuuhitaji upesi.

Daftari lilikuwa na thamani kuliko vyote. Kwenye kurasa za katikati kuna vijipicha vya jozi zote 14, kila kimoja kikubwa kama stempu. Chini ya kila kijipicha kuna mstari wa rangi uliopigwa kwa brashi. Mwanzoni nilidhani ni majaribio ya brashi. Nilipoisoma kwa mfululizo nikaona mistari inatoka kijivu chepesi kwenye ya 1, inazidi kukolea mpaka buluu nzito kwenye ya 12, kisha inafunguka kuwa waridi hafifu kwenye ya 14. Alikuwa amepanga mbingu ya kitabu kizima itie giza hatua kwa hatua, na hakuwahi kutuambia, wala sisi hatukuwa na sababu ya kuuliza. Tulirudi kwenye michoro iliyokamilika tukaipanga sakafuni kwa mpangilio wake. Ni kweli: mawingu ya jozi ya 7 ni mazito kidogo kuliko ya 5, na kivuli cha msichana kinafifia kila ukifunua.

Mtu akiondoka katikati ya kazi, faili zake ni nusu tu ya anachoondoka nacho. Nusu ya pili ni maamuzi aliyoyafanya kimya kimya kwa sababu kwake yalikuwa dhahiri. Ukimpa mrithi faili bila maamuzi hayo, anaanza kubahatisha.

Kwenye jalada la ndani la daftari pia kulikuwa na vidokezo vya kuchanganya rangi na sentensi moja: “Sikio la kushoto, daima.” Mbuzi wetu ana pengo kwenye sikio. Maana yake tuliielewa mwisho wa mwezi.

10 Machi. Jaribio la kuiga, lililoshindikana

Tuliwaomba wachoraji watatu wachore ukurasa mmoja wa majaribio, kwa malipo. Kumtaka mtu wa kujitegemea afanye jaribio bure ni kumpunja, na jaribio la bure hupata saa za mabaki. Tuliwapa skani mbili na kuwataka wakaribie mtindo uliopo.

Wote watatu wana uwezo, na wote walitoa kurasa zilizokufa. Uso wa msichana ulikuwa sahihi kwa vipimo, lakini mkono wa mchoraji ulionekana ukijizuia, mstari unasita kila unapokaribia kona. Mmoja alisema wazi kwamba angeweza kufanya hivyo ukurasa mmoja, siyo mitano. Mtoto wa miaka sita hatajua kilichobadilika, lakini ataacha kufunua.

14 Machi. Tulipopata mahali pa kukata

Mwandishi wa hadithi ndiye aliyeliona. Zilizobaki ni jozi ya 6 na ya 9 hadi ya 13. Ukiacha ile ya 6, zote ni usiku. Jozi ya 8 inaishia jua likizama, na ya 14 ni alfajiri. Sehemu yote ya giza ilikuwa wazi, na pande zote mbili inapakana na kazi ya mchoraji wa kwanza.

Basi hatukuhitaji mwigaji. Tulihitaji mchoraji wa usiku, mwenye mkono wake, atakayeingia jua linapozama na kutoka linapochomoza. Mabadiliko ya mtindo yangekuja pamoja na mabadiliko ya hadithi yenyewe. Hapo ndipo lile sharti la mgonjwa, “achore za kwake”, liligeuka kuwa mpango.

Mmoja wa wale watatu huchora kwa wino na maji. Tulimpa kazi hiyo, naye akafurahi kuambiwa aache kuiga. Tulimwekea mipaka mitatu tu: mstari wa mbingu kutoka daftarini aufuate, msichana na mbuzi watambulike mara moja, na kila jozi iwe na kitu kimoja chenye mwanga.

Jozi ya 6 ilibaki peke yake, iko mchana. Kumpa huyu mpya jozi moja ya mchana kungeharibu mpango wote. Tulichukua nyayo za mbuzi kutoka kwenye kona ya jozi ya 5, tukazikuza mara mbili kutoka kwenye skani ya nukta 600, tukaziweka zikivuka kurasa mbili nyeupe. Mwandishi akapunguza aya kuwa sentensi moja: “Nyayo, nyayo, kisha hakuna nyayo.” Tulimtumia mchoraji wa kwanza kabla ya kuidhinisha, kwa kuwa ni mchoro wake tuliokata. Alikubali, na akaomba unyayo wa mwisho uwe hafifu zaidi.

28 Machi. Makosa ya usiku wa kwanza

Jozi ya 9 na ya 10 zilikuja nzuri, zikiwa na kasoro zifuatazo.

Mbuzi alikuwa na pengo kwenye sikio la kulia. Katika jozi ya 9 anaelekea upande wa pili, na mchoraji aligeuza sikio pamoja na mwili, kama vile kioo kinavyogeuza. Ndipo ile sentensi ya daftarini ikajieleza. Tulitengeneza karatasi ya wahusika: msichana na mbuzi kutoka mbele, nyuma, kushoto na kulia, idadi ya misuko, mshono wa gauni, sikio. Karatasi hiyo ingetakiwa kuwapo tangu siku ya kwanza ya kitabu chochote cha picha, hata kama mchoraji ni mmoja na ana afya tele.

Rangi ya ngozi ya msichana haikulingana, kwa sababu wino hauna wekundu wa rangi za maji. Kusahihisha kwa kompyuta kulimfanya aonekane amepakwa vumbi. Mchoraji akampa taa mkononi. Uso sasa unapata rangi yake kutoka kwenye mwali, na tofauti ina sababu ndani ya picha.

Gumu zaidi lilikuwa buluu. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine hutengeneza kwa wino nne, na zipo buluu za skrini ambazo wino haufiki. Mbingu ya jozi ya 10 ilipobadilishwa kuwa ya uchapaji ilififia ikawa kama sare iliyofuliwa sana. Tulilipia karatasi ya majaribio kwa mpiga chapa, yenye viwango vitano vya buluu, tukachagua mbele ya dirisha mchana. Kuanzia hapo mchoraji akawa anachagua rangi kwa kutazama karatasi hiyo.

18 Aprili. Majina

Jozi ya 11, ya 12 na ya 13 zimekamilika bila tatizo la kuandika.

Majina kwenye jalada yalichukua simu nyingi kuliko jozi hizo tatu. Mpya aliona jina lake lije la pili, bila mjadala. Wa kwanza alitaka lisionekane kama la msaidizi. Tumekubaliana majina mawili kwa herufi za ukubwa mmoja, na kwenye ukurasa wa haki: nani alichora mchana na alfajiri, nani alichora usiku, na kwamba wahusika na mpango wa kitabu ni wa mchoraji wa kwanza. Wote wawili waliidhinisha maneno hayo kabla hayajapangwa.

9 Mei. Gharama

Nahesabu kwa kulinganisha na bajeti ya awali ya michoro, nikiiita 100. Mchoraji wa kwanza amepata 72. Wa pili amepata 40 kwa jozi tano. Kwa kila jozi ni ghali zaidi, na ni haki, kwa kuwa aliingia kwenye nyumba ya mtu na ilimbidi ajifunze vyumba kwanza. Majaribio ya wachoraji watatu, 4. Kuskani, usafirishaji wa michoro kwa bima na karatasi ya rangi, 6. Jumla 122.

Zile 22 za ziada zilitoka kwenye jalada: tumeacha jalada gumu, tumechukua laini. Tuliwaza pia kupunguza unene wa karatasi za ndani, tukakataa, maana rangi za maji zikionekana upande wa pili wa ukurasa kazi yote ya mbingu inapotea.

24 Mei. Faili zimekwenda, na mkataba mpya

Faili za uchapaji zimepokelewa. Michoro ya asili na daftari vimerudishwa kwa mwenyewe, amesaini kupokea. Anaendelea vizuri na ameanza mazoezi ya mkono. Mchoraji wa pili amelipwa yote.

Haya ndiyo tuliyoyaingiza kwenye mkataba wa kitabu kinachofuata. Anayetaka ayanakili kama yalivyo, kisha ayapeleke kwa mwanasheria wa kwake:

“Kila mchoro ukikubaliwa, mchoraji ataweka skani ya ubora kamili kwenye folda ya pamoja kabla ya malipo ya awamu hiyo. Picha ya simu haihesabiwi kuwa makabidhiano.”

“Mchoraji atatunza karatasi ya wahusika na ukurasa wa maamuzi ya rangi na mwanga, na kuyasasisha kila awamu. Kazi hii inalipwa.”

“Kila upande utataja mtu mmoja wa kuwasiliana naye endapo mhusika hapatikani kwa siku 10.”

“Endapo mchoraji hawezi kuendelea kwa ugonjwa au dharura, atalipwa kwa kazi iliyofanyika, mipango ikihesabiwa theluthi na utekelezaji theluthi mbili. Mchapishaji anaweza kumkabidhi mwingine sehemu iliyobaki. Mchoro ambao haujakamilika hautaendelezwa na mkono mwingine bila idhini ya maandishi.”

“Majina ya wachoraji wote yatatajwa, kwa maneno yaliyoidhinishwa nao.”

Kifungu cha pili kilizua swali kutoka kwa mchoraji wa kitabu kijacho: je, malipo ya kutunza kumbukumbu yatakatwa kwenye malipo ya michoro? Hapana, tumeyaongeza juu yake, asilimia 3 ya jumla. Amesaini jana.